Jibu la Tisa

Hili lilimpata rafiki yangu Scola, mwalimu wa darasa la nne pale Gungu, na hadi leo akilisimulia hupunguza sauti.

Alasiri hiyo alirudi shuleni kuchukua madaftari aliyoyasahau. Wingu zito lilikuwa limevuka ziwa kutoka upande wa Kongo, umeme umekatika, na darasani mlikuwa giza totoro. Mlinzi, Mzee Swaibu, alimfungulia kufuli, akabaki barazani.

Scola akawasha tochi ya simu. Ubaoni alikuwa ameacha maswali ya kesho, kugeuza tarakimu ziwe namba za Kirumi. Yote yalikuwa yamejibiwa, kwa mwandiko wa kitoto.

"Mzee, nani aliingia humu?"

"Hakuna, mwalimu. Si nilifunga ukiniona? Na funguo ninazo mimi."

Majibu yalikuwa sahihi, isipokuwa moja. Mbele ya 9 paliandikwa VIIII. Kwa mazoea tu Scola akaweka alama ya kosa, akisema, "Tisa ni kumi kasoro moja." Akabeba madaftari, akatoka, na mzee akafunga.

Hawajafika mbali wakasikia dasta ikisugua ubao, polepole, kisha chaki ikakwaruza mara tatu.

"Bismillahi," mzee akanong'ona, akafungua tena. Scola akamulika.

Madawati yalikuwa matupu. VIIII ilikuwa imefutwa, pamoja na alama ya kosa. Mahali pake paliandikwa IX, na vumbi la chaki lilikuwa bado linaelea kwenye mwanga wa tochi.