Radi ya Saa Sita Mchana

"Kuku wawili, kizimba kimoja, kufuli moja. Kabla ya Ijumaa adhuhuri. Ova."

Hamida alibonyeza kitufe cha Motorola. "Kuku wamefika. Stima ndiyo haitulii. Ova."

"Stima si yangu. Ova na auti."

Kipruto, mkuu wake, alikata. Alikuwa Lumakanda na makachero sita, akitafuta ghala la sukari ya magendo ambalo hakuna aliyejua liko wapi. Hamida alitamani kuitupa redio dirishani.

Ilikuwa Jumatatu, Aprili 1999, mjini Kakamega. Mlangoni ubao ulisema KUCHAPA NA NAKALA. Nyuma ya pazia ilikaa seva ya Compaq yenye diski mbili za Seagate. Ndani ya sidiria ya Hamida ilikaa disketi yenye majina kumi na saba.

Mashahidi. Wakata miwa, madereva, na karani mmoja wa Musanda aitwaye Nanjala, mama wa mapacha. Waliona malori yakipakuliwa, wakatia sahihi. Wenye malori wakiyapata majina hayo, yangekuwa matanga kumi na saba.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi mdomoni. Diski mbili zifungwe ziwe kitu kimoja: kinachoandikwa kwa hii kiandikwe kwa ile, moja ikifa nyingine isimame. Juu yake kufuli: bila neno la siri, kilichomo ni takataka. Kisha ndipo mfumo wa mashine uwekwe. Kulinganisha diski kulichukua saa tano. Stima ikikatika katikati, unarudi sifuri.

Na stima ya mgao ilikuwa inarudi saa tano asubuhi.

Jumatatu walifika asilimia 78. Saa tisa mchana ngurumo ikapiga upande wa msitu. Skrini ikazimika.

"Senje, ni wewe?"

Awinja, karani wa mapokezi, ambaye Hamida alimwita senje, yaani shangazi, alisimama na plagi mkononi. Kioo cha ukutani alikuwa ameshakifunika kwa leso.

"Radi ya huku hailetangi mchezo, mama Zulekha. Ilichoma televisheni ya shemeji yangu na ng'ombe wawili."

"Ng'ombe walikuwa kwa plagi?"

"Wewe cheka tu."

Mitchel, fundi aliyetumwa na makao makuu, alicheka kwa niaba yake. Shati jeupe, tai, kalamu tatu mfukoni. Alisema amezaliwa Lugari. "Huku ndivyo tulivyo, madam. Radi ikinguruma, tunachomoa."

Jumanne, asilimia 79. Ngurumo. Plagi. Sifuri.

Jumatano Hamida aliizungushia plagi selotepu. Awinja akaikata kwa makasi.

Betri ya akiba ilikuwa imeombwa tangu Januari. Makao makuu walituma kalenda.

Alhamisi mgao haukuja; stima ilikuwapo tangu alfajiri. Hamida aliwasha mashine saa kumi na mbili asubuhi, akaketi mbele yake kama mama anayelinda maziwa jikoni. Asilimia 40. 85. Akamkataza Awinja kupita karibu na ukuta.

Saa tano, mia.

Akaweka kufuli. Neno la siri lilikuwa maneno kumi na moja ya wimbo wa kuruka kamba aliotunga binti yake Zulekha. Aliyachapa huku amemgeuzia Mitchel mgongo wote. Akaweka mfumo. Akaingiza majina. Akaichoma disketi kwenye jiko la chai.

Sasa majina yalikuwa mahali pamoja tu duniani.

Alitoka uani kumwarifu Kipruto. Redio ilishika baada ya dakika nane za matusi. Nyuma ya jengo pikipiki ilinguruma ikaondoka: Yamaha nyekundu, begi la khaki mgongoni mwa dereva.

Hamida alirudi ndani mbio.

Skrini nyeusi. Plagi sakafuni. Mitchel alikuwa ameketi, amekunja mikono.

"Radi, madam. Nikaona nichomoe."

Ilikuwa saa sita na nusu; wiki nzima radi ilikuwa haijapiga kabla ya saa tisa.

Hamida alienda dirishani. Alivuta pazia. Jua la utosi liliingia chumbani, na uani mahindi ya Awinja yalikuwa yametandazwa kwenye turubai, makavu, hayajaguswa.

Awinja alitia kichwa mlangoni. "Radi gani? Mimi naweza kuacha mahindi nje na radi? Huyu si wa Lugari. Huyu hata si wa Webuye."

Mkono wa Mitchel ulienda kiunoni.

Hamida alipiga teke kiti. Mitchel alianguka na bastola yake, na alipoinua kichwa alikuta Browning ya Hamida ikimtazama katikati ya macho.

"Umechelewa," alisema kutoka sakafuni. "Diski imeenda."

"Imeenda moja. Senje, mfunge mikono kwa tai yake. Kaza."

Hamida alirudisha plagi. Wiki nzima mashine hii haikuwahi kumtii. Feni ikalia. Maandishi yakashuka polepole mno. Kisha onyo: diski moja haipo.

Akachapa maneno kumi na moja. Akasubiri.

Majina yakajipanga; la kumi na saba lilikuwa la Nanjala. Yote yalikuwepo.

"Ulibeba chuma," alimwambia Mitchel. "Bila wimbo, hakifunguki."

Akachukua redio. "Yamaha nyekundu, begi la khaki, inakuja upande wako. Ova."

"Tumshike? Ova."

"Msimguse. Mwacheni aifikishe diski kwa mwenye malori. Ova."

Saa tisa kasoro redio iliita. Kipruto kwa mara ya kwanza alisikika kuwa na furaha. "Ametupeleka hadi mlangoni. Ghala, malori kumi na moja, na mzee mwenyewe ameshika diski anauliza inafunguliwa vipi. Ova."

"Mwambie mzee tunaomba betri. Na diski moja mpya. Ova na auti."

Juu ya msitu mbingu ilikohoa.

Askari walikuwa wameshamchukua Mitchel; Awinja alikuwa ameshaanua mahindi. Alisimama karibu na ukuta, mkono hewani. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo aliuliza.

"Mama Zulekha, nichomoe?"

Hamida alizima mashine taratibu, akaweka Browning mkobani chini ya pakiti ya unga, akafunga zipu.

"Chomoa, senje."

Akatoka kabla tone la kwanza halijaanguka.