Sekunde Kumi za Kunyamaza

Mwangwi haumtangulii mtu, hata mtoto anajua. Lakini kwenye kompyuta ya mwalimu ulikuwa unatangulia: kabla hajasema "fungueni daftari," wanafunzi wake wa mtandaoni walishasikia "daftari," kwa sauti nzito ya kukwaruza. Leo saa nne mkuu wake angeingia kusikiliza. Kelele zikisikika tena, kazi hana.

Akamwita shemeji yake, mdogo wa mumewe, yule aliyejipa mwenyewe jina la Profesa. Masikini, hakuwa na mwingine.

Profesa akaja, akajitupa kwenye kiti, hata salamu akaijibu nusu.

"Shemeji, kuna mtu humu," mwalimu alinong'ona. "Tena chumba kinanuka nywele zilizoungua."

"Mtu! Acha ushamba, shemeji. Sauti ya spika inarudi kwenye maikrofoni, basi. Naondoa mwangwi, napunguza kelele, mchezo umekwisha."

Kompyuta ikaandika: *Nyamazeni sekunde kumi, mtambo ujifunze kelele za chumba.* Mtu mwenye akili zake angenyamaza. Profesa akaanza kuhutubia.

"Mimi nimefunga vyombo vya sauti kwenye kumbi kubwa kubwa! Jini? Kama lipo, liseme!"

"Nyamaza, shemeji, nakuomba."

Wapi! Akacheka, kicheko chake kile cha kujisikia, na akiwa bado anacheka harufu ikazidi, pazia likavutwa ndani japo dirisha lilikuwa limefungwa, na kwenye spika ikasikika pumzi ndefu, pumzi ya mtu anayesikiliza kwa makini, anayejifunza, sekunde ya nane, ya tisa, ya kumi.

*Kelele zimetambuliwa,* kompyuta ikaandika.

Saa nne ikafika. Mwalimu akafundisha, asithubutu kutazama nyuma alikobaki Profesa. Hakuna kilichomtangulia.

"Mwalimu, leo sauti safi kabisa," mkuu alisema mwishoni. "Kazi iendelee."

Machozi yakamlengalenga kwa furaha. Akazima kompyuta, akageuka amshukuru mjivuni wake.

Profesa alikuwa amesimama katikati ya chumba, mdomo wazi, mishipa ya shingo imemtoka, anapiga kelele kwa nguvu zake zote. Hakusikika hata kidogo. Akaupiga mlango ngumi, mlango ukalia. Yeye, kimya.

Ndipo spika ya kompyuta iliyozimwa ikazungumza taratibu, kwa sauti ya Profesa mwenyewe, na majivuno yake yote:

"Si nilikwambia, shemeji? Kelele nimeziondoa."