Dakika Moja na Nusu ya Kimya

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, foleni ya duka la movie pale stage ya Kawangware 46, Nairobi, ilikuwa imetoka mlangoni ikafika kwa mama anayeuza miwa. Kila mtu alishika flash yake mkononi akingoja kujaziwa filamu. Mbele kabisa alisimama jamaa mrefu, mwembamba, koti lake la jinzi limechanika kwapani, akimweleza mwenye duka mambo ambayo mwenye duka hakuwa ameuliza.

Nyuma yake kulikuwa na msichana aliyevaa gauni la kitenge la rangi ya machungwa, lenye mifuko mikubwa kwa mbele, na raba nyeupe zisizo na doa. Wengine kwenye foleni walikuwa wakilalamika kwamba jamaa anachelewesha watu. Yeye aliinamisha kichwa, akasikiliza, kisha akamgusa bega.

"Samahani. Wewe si ndiye ile sauti?"

"Sauti gani?"

"Ya zile comedy za kitambo. Yule wa 'kaeni vizuri, benchi ni ya wote.'"

Jamaa akageuka. Akaona gauni, akaona macho, akamsahau mwenye duka.

"Ni mimi. DJ Opondo, kutoka Kianda, Kibera. Na wewe ni nani, msupa?"

"Wangoi. Nakuwanga na wewe kwa nyumba kila Saturday na hujui."

Foleni nzima ikacheka. Wangoi akajifunika uso kwa flash, kana kwamba flash inaweza kufunika uso. "Na baba yangu," akaongeza haraka. "Namaanisha tunakuwatchi na baba."

Kwa wasioijua kazi ya Opondo, ilikuwa hivi. Alichukua filamu za watu wa mbali, akakaa na kipaza sauti, akazisimulia kwa lugha yetu juu ya sauti za wenyewe. Mzungu alipewa jina la mtaani na shida za mtaani. Wenzake walishindania filamu za ngumi na bunduki. Opondo alikuwa amejichagulia kipindi kimoja tu, kichekesho cha zamani cha Kimarekani, kile cha picha nyeusi na nyeupe, cha dereva wa lori anayeishi na mkewe pamoja na baba mkwe mjane asiyependa kitu chochote. Kila baada ya sentensi mbili, watu wasioonekana walicheka. Opondo aliwapenda sana hao watu. Walikuwa wamekufa wote pengine, na bado walicheka kwa wakati.

Kabla ya mwezi kwisha, koti la jinzi lilikuwa limeshonwa kwapa. Wangoi alikuwa fundi, ana cherehani na chumba cha mbele katika ploti ya baba yake, ya nyumba za kupangisha. Alishona sare za shule mchana, na jioni alishika simu.

"Umekula?"

"Nimekula ugali na sauti yako."

"Wacha ufala. Umekula nini?"

"Sukuma. Lakini sasa nimeshiba, sababu umepiga."

"Aki Opondo, wewe ukikufa mdomo wako utazikwa kando."

"Uwekwe karibu na kwenu, basi."

Alicheka mpaka uzi ukatoka kwenye sindano. Tuseme ukweli, alimpenda. Alimpenda kwa sababu nyumba yao ilikuwa imenyamaza miaka mitatu, tangu mama yake azikwe, na sauti hii ndiyo iliyomchekesha baba yake mara ya kwanza. Mzee Kinyanjui alikijua kile kipindi tangu ujana. Yeye na mkewe walikuwa wakikitazama wamesimama dirishani kwa jirani aliyekuwa na televisheni. Kizungu hakikuwa kimewafikia vizuri siku hizo, kwa hiyo mama Wangoi alikuwa akimtungia mumewe maneno, sikioni, mpaka jirani anafunga pazia.

"Kwa hivyo mama yako alikuwa DJ kunishinda," Opondo alisema aliposikia.

"Alikuwa mnoma. Na hiyo si yote." Hapo Wangoi akateremsha sauti. Ilikuwa Jumanne. Jumapili inayofuata Opondo alikuwa aende kujulishwa kwa mzee, na Wangoi alitaka aende akimjua mtu anayemwendea. "Baba kila asubuhi anaweka vikombe viwili. Yake na ya mum. Anamimina chai kwa zote mbili, anamwongelesha. Anamwambia nani amehama ploti, nani amezaa. Halafu anakunywa yake, na ya mum anakunywa mwisho, ati isipotee. Anadhani siskii."

"Hiyo imenigusa, Wangoi."

"Usiambie mtu."

"Nimwambie nani?"

Lilikuwa swali zuri, na lingemfaa kama angelijibu.

Kavetsa, mama mwenye ukumbi wa video pale Kianda, ndiye aliyemfundisha Opondo kazi. Somo la kwanza lilikuwa moja tu: "Ukinyamaza sekunde tano, watu wanadhani stima imepotea. Wanaanza kutoka. Jaza." Opondo akalishika somo hilo kuliko alivyowahi kushika Biblia. Mlango ukifungwa kwenye filamu, alikuwa na neno. Mtu akipanda ngazi, alihesabu ngazi.

Alhamisi alirekodi kama kawaida, chumbani kwake, magodoro mawili yameegemezwa ukutani kuzuia kelele za kuku wa jirani. Sehemu ya wiki hiyo ilikuwa ya siku ya kuzaliwa ya yule baba mkwe. Binti na dereva wa lori wamempangia sherehe ya siri, kwa hiyo wanajifanya wamesahau, wanatoka nyumbani. Mzee anabaki peke yake jikoni. Anatandika meza, anakaa, anatazama kiti cha mbele yake. Dakika moja na nusu, hakuna anayesema kitu. Hata wale wachekaji wasioonekana walinyamaza hapo.

Opondo hakuweza. Mdomo ukaenda wenyewe.

"Huyu sasa ni landlord wa Kawangware," akasema, akaikwaruza sauti iwe ya kizee. "Mama, chukua chai. Umeamkaje huko kwa mchanga? Yule wa nyumba ya tatu amehama, umeskia? Aya, kama hutaki, wacha nikunywe yako pia, isipotee."

Ijumaa ukumbi wa Kavetsa ulijaa mpaka watu wakakaa chini. Pale jikoni walicheka hadi mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Opondo, amesimama kando ya mashine, alikumbuka lile "usiambie mtu" la Wangoi. Angeweza kuifuta siku hiyo hiyo, kabla haijatoka Kianda. Lakini kicheko ni kitamu, na alijiambia kwamba hakutaja jina la mtu. Akaituma kwenye maduka ya movie kama kila wiki.

Jumamosi saa kumi, Wangoi alichomeka flash, akamwekea baba yake mto mgongoni. Mzee alikuwa ametoka kuzunguka ploti, amevua viatu. Alicheka pale dereva wa lori alipojikwaa. Alicheka pale binti aliposahau keki. Kisha ikaja jiko, na kiti kitupu, na ile sauti aliyoizoea ikaanza kunena maneno yake mwenyewe, yale anayoyasema alfajiri mlango ukiwa umefungwa.

Mzee Kinyanjui hakugomba. Aliinuka, akazima televisheni kwa kidole, akaingia chumbani na soksi zake.

Simu ya Opondo ililia akiwa anapiga pasi shati.

"Babe. Kesho nimepanga kila kitu. Nimenunua sukari, majani, unga..."

"Umeambia watu."

"Nini?"

"Opondo, umeambia watu wote. Umefanya mpaka na sauti."

"Wangoi, ngoja. Sikutaja jina. Hakuna mtu anajua ni nani."

"Yeye anajua." Akapumua. "Mimi ndiye niliweka hiyo flash. Kwa mkono wangu."

Akakata. Opondo alipiga mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja simu iliita mpaka ikachoka.

Jumapili alienda, akiwa na mfuko wa shopping na koti lake lililoshonwa. Usimwone mjinga. Mtu anayejua kusema huamini kwamba hakuna shimo asiloweza kutoka kwa kusema. Wangoi alimfungulia geti, amevaa lile gauni la machungwa, alilokuwa amelipigia pasi kabla mambo hayajaharibika. Hakumtazama.

"Ingia, kijana," Mzee Kinyanjui alisema kutoka ndani. "Mgeni hafukuzwi."

Juu ya meza kulikuwa na chupa ya chai na kikombe kimoja. Mzee akakijaza, akakisukuma kwa Opondo.

"Mzee, mimi nimekuja kuomba msamaha. Ile kitu..."

"Ilichekesha watu?"

Opondo alikuwa na hotuba nzima kichwani, ameifanyia mazoezi tangu stage ya Olympic, Kibera. Ikamtoroka. "Ndiyo, mzee."

"Wengi?"

"Hall ilijaa."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali bei. "Mama Wangoi pia alipenda kuchekesha watu na maneno yangu. Lakini alikuwa ananiuliza kwanza." Akaonyesha kikombe. "Kunywa, itapoa."

Opondo alikunywa. Ilikuwa chai nzuri, ya tangawizi. Alipotoka, Wangoi alikuwa ameegemea geti.

"Niambie nifanye nini," Opondo alisema.

"Leo ameamka akaweka kikombe kimoja. Nimesimama kwa mlango nimengoja aweke ingine. Hakuweka. Hakuongea." Machozi yalimtoka, akayapangusa kwa mfuko wa gauni. "Ulikuwa unataka kucheka nini, Opondo? Nilikupea hiyo kitu uishike tu."

"Nilikuwa naogopa ile kimya."

"Basi zoea."

Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alimpanda Opondo mgongoni miezi saba. Alizunguka maduka ya movie, Kawangware, Soweto West ya Kibera, kila mahali, akiomba ile sehemu ifutwe. Wenye maduka walimcheka. "Buda, hiyo ndiyo inauza kushinda zote." Alikuta mtoto wa shule akiigiza ile sauti ya kizee kando ya barabara, na akampita tu, kwa sababu mtoto aliiga vizuri. Wangoi hakushika simu. Messeji zilionekana zimesomwa, basi.

Mwezi wa tisa aliirekodi upya. Alimtania dereva wa lori, akahesabu ngazi, akatunga wimbo wa keki. Alipofika jikoni, aliondoa mdomo kwenye kipaza sauti, akaketi juu ya mikono yake. Kuku wa jirani alisikika kupitia magodoro, naye akamwacha alie.

"Hapa umeharibu," Kavetsa alisema alipoisikiliza. "Watadhani spika imekufa."

"Wacha wadhani, Mama Kavetsa."

"Watatoka."

"Watoke."

Jumapili mchana ilionyeshwa. Yule baba mkwe akabaki peke yake, akatandika meza, akakaa. Sekunde tano, kumi. Mtu mmoja akapiga mluzi, mwingine akamwambia anyamaze. Kisha ukumbi wote wa Kianda, watu waliozoea kula njugu na kutukanana, ukamtazama mzee mmoja wa Kimarekani akitazama kiti. Hakuna aliyetoka. Mama mmoja alipenga kamasi. Opondo hakugeuka kuwatazama, kwa hiyo hakuona aliyekaa benchi ya nyuma.

Siku tatu baadaye, Jumatano saa saba mchana, simu yake iliandika jina alilokuwa hajaliona likipiga miezi saba.

"Wangoi."

"Nilikuwa hapo Sunday. Kwa Kavetsa, benchi ya nyuma."

"Si ungeniambia? Si ungenisalimia?"

"Ungesema kitu," Wangoi alisema. Hakuisema kwa hasira. "Nikapitia kwa shop nikachukulia baba. Ameiona mara mbili. Pale kwa jikoni alinishika mkono."

Moyo wa Opondo ukaruka kama wa mvulana. "Na vikombe?"

"Ni kimoja."

"Bado?"

"Jana nilimwekea ya pili mimi mwenyewe. Akairudisha kwa kabati pole pole. Akasema, wacha, watu watacheka."

Opondo aliketi kitandani.

"Nimekusamehe," Wangoi aliendelea. "Aki nimekusamehe, sikudanganyi, na yeye pia. Bado nakupenda, hata hiyo sikufichi. Lakini kurudi siwezi. Kila kitu ningekwambia, ningekuwa najiuliza itaenda kuchekesha watu wapi. Sitaki kuishi na bwana nikichunga mdomo."

Miezi saba alikuwa ameyapanga maneno ya siku hii. Alikuwa na ya kumbembeleza, na ya kumchekesha akiwa analia, na mengine ambayo, tumjuavyo, pengine yangefaulu. Yalimjaa mdomoni. Akayaacha humo humo. Upande wa pili alisikia cherehani ya Wangoi ikisimama, ikaanza tena.

"Umekata?" Wangoi akauliza.

"Niko."

"Umenyamaza."

"Ndiyo."

"Ungejua hii mapema," Wangoi alisema.

Hawakukata. Walikaa hivyo, yeye Kianda, mwenzake Kawangware, kila mmoja akisikiliza pumzi ya mwingine, kwa muda mrefu kuliko ile sehemu ya jikoni.

"Hiyo koti yako ikichanika tena," Wangoi alisema mwishowe, "kuna fundi pale Olympic, karibu na kanisa. Ni mzuri. Mwambie atumie uzi mbili."

Kisha akakata. Opondo aliinua mkono, akatazama kwapani. Uzi wa Wangoi ulikuwa bado umeshika.