Pipa Alilolipita Bwana Afya

Jumanne moja ya mwaka wa 1958, Mbithe alikuwa kwenye foleni ya bomba la Makongeni, Thika, alipoambiwa kwamba bwana afya yuko kwake anamwaga maji. Akatimua mbio. Alimkuta kijana wa Kikuyu, kaptura ya kaki imenyooshwa kwa pasi, pipa liko chini tupu.

"Wewe! Maji nimebeba kichwani siku tatu!"

"Yana viluwiluwi vya mbu, dada."

"Basi vinywe wewe mwenyewe!"

Kijana, Muigai wa Ruiru, akacheka. Kesho yake akarudi na ndoo mbili za maji na maneno matamu, na mapenzi yakakolea. Tangu hapo kila Jumanne alimwaga mapipa ya mtaa mzima. Kwa Mbithe alitabasamu tu, akapita.

Mwezi wa nne wa mapenzi yao, mama yake Mbithe, Mbula, aliyeishi naye, akalazwa na malaria hospitalini siku tano. Walipomrudisha nyumbani, Mbithe akafunua pipa afue nguo. Viluwiluwi vilikuwa vinacheza ndani.

Jumanne ikafika.

"Muigai, pipa langu ulilikagua lini?"

Muigai akaanza kufutafuta baiskeli yake.

"Nakuuliza!"

"Sikutaka kukuudhi tena, mpenzi. Siku ile ulinifokea..."

"Aiya! Mtaa mzima unauudhi, mimi unanibembeleza mpaka mama alazwe? Mapenzi gani haya? Ingia umwambie mwenyewe! Akikukataa, usikanyage hapa tena."

Alisema hivyo huku moyo unamuuma, kwa sababu alimpenda, na neno la mama ndilo lingeamua.

Muigai akavua kofia, akaingia, akaeleza yote bila kujitetea. Mbithe alisikiliza mlangoni.

"Umekuja kuniambia wewe mwenyewe?" mama aliuliza.

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

Mama akavuta leso, akajifunika uso wote, akageukia ukutani.

Muigai akatoka amenywea, akashika baiskeli yake. "Hata kuniona hataki. Kwaheri, Mbithe."

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani. Si amenikataa?"

"Ee Mungu, mwanamume huyu atanizeesha! Miezi minne mama amekukodolea macho kama mpita njia yeyote, hukushtuka. Leo amekuficha uso, unakimbia! Kwetu Ukambani, mama hujifunika mbele ya mtu mmoja tu."

"Nani?"

"Mkwe wake, mjinga wewe! Waambie wazee wenu walete mbuzi, na usinifanye niseme mara ya pili."