Chumvi ya Lac Vert

Mtoto Igihozo alikuwa amelala mkekani, midomo ya buluu, kucha za buluu. Bibi yake alikuwa kando yake, naye vivyo hivyo. Sufuria ya maharage ilikuwa nusu.

Inspekta Waridi alizitazama maiti zile, hasira ikampanda. Mwezi Januari volkano iliwaunguzia watu hawa nyumba zao za Goma. Waasi waliotawala mji wakawaacha wajenge vibanda vya turubai huku Lac Vert, nje ya mji. Sasa kuna mtu aliyewafuata hadi kwenye sufuria.

"Walikula nini?" alimuuliza Mukamugema, mama wa mtoto.

"Maharagi tu, mama inspekteri. Na chumvi. Miye nilikuwa ku soko, sikukula."

"Chumvi ilitoka wapi?"

"Asubui tuliikuta ku mulango. Kila kibanda, sashe moya. Tulisema ni batu ya kanisa."

Sashe, kifuko kidogo cha plastiki, ilikuwa imefungwa kwa kitambaa chekundu cha pamba. Waridi alikiloweka majini, akakifikicha. Hakikuchuja hata tone.

Daktari Mushagalusa alichukua damu ya marehemu. Ilikuwa na rangi ya kahawa.

"Nashuku ni nitriti," alisema. "Ni nyeupe kama chumvi. Watia rangi nguo huitumia. Lakini maabara yetu imezikwa na lava, siwezi kuthibitisha."

"Nikiwaambia waitupe?"

"Watu wenye njaa watupe chumvi kwa maneno matupu? Jioni watapika."

Waridi alijaribu hata hivyo. Baadhi walimsikiliza, wengine waliingia vibandani na kuficha sashe zao. Alipanda pikipiki akitukana kimoyomoyo.

Wekundu usiochuja ulikuwa na fundi mmoja tu mjini: Émile wa mtaa wa Birere, aliyeshona na kutia rangi sare za kwaya. Karakana yake ilinusurika lava kwa bahati.

"Papa Émile, uko na nitriti?"

"Iko kidogo mu kopo. Saki yenyewe, ile gunia kubwa, baliiba siku ya volkano, wakati tulikimbia."

"Nionyeshe namna unatia rangi."

Fundi alilegea uso. Alipenda kuulizwa kazi yake. Alichovya pamba kwenye dawa ya kwanza, ikatoka na umanjano hafifu. Kwenye ndoo alichanganya dawa ya pili na asidi, akatia vipande vya barafu alivyonunua kwa wauza samaki, kisha nitriti.

"Bila barafu dawa inakufa," alisema. "Siku barafu inakosa, siye hatutumike, tunakaa bila kazi."

Alitumbukiza pamba. Ikawa nyekundu papo hapo.

"Hii njo azo, rangi yenye haichuje," alisema kwa majivuno.

Waridi alitoa sashe mfukoni. "Sasa tumia hii. Ilitoka Lac Vert."

Émile aliitazama kidogo. Alichanganya dawa na asidi, akachota maji kwenye sufuria ya kusuuzia iliyokuwa ikifuka mvuke, akamwaga ile chumvi. Pamba ilitoka na rangi ya matope.

"Unaona, mama? Ni chumvi ya kupikia."

"Na barafu?"

"Nilisahau."

"Mutu wa kazi kama weye unasahau barafu?" Waridi alisukuma ndoo ya barafu kwa mguu. "Rudia."

Fundi alirudia. Pamba ikawa nyekundu kama kile kitambaa cha sashe.

"Kama mwizi njo aliileta kule, ulikuwa unaficha nini?"

Émile aliketi chini.

"Ile ni parseli yangu, kiwanja ya Lac Vert," alisema. "Nyumba yangu lava iliikula. Nilibakia na ile tu. Bakakuya, bakakata miti yangu ya mkaratusi, bakajenga. Nilienda kwa shefu, nilienda kwa basoda benye bunduki. Hakuna mutu alinisikia. Nilitaka batapike, baogope, baende."

"Ulijua inaua?"

"Nilijua."

"Na benyewe? Uliwaambia kama pale ni kwako?"

"Hapana."

Waridi alitamani kumzaba kofi. Alimfunga pingu, akamkabidhi kwa askari, akarudi Lac Vert na ile ndoo ya barafu, pamba na dawa za fundi. Alirudia jaribio mbele ya umati. Mara hii wanawake walipoona chumvi ikigeuza pamba nyekundu, walizitoa sashe zote wenyewe na kumwaga masufuria yaliyokuwa motoni. Walilala njaa.

Mukamugema alikuwa akiosha maiti ya binti yake. "Ni nani?"

Waridi alimwambia jina na sababu. Mukamugema alitazama kibanda chake: turubai na fito chache za mkaratusi.

"Angetuambia tu, mama," alisema. "Tungehama siku ileile."