Seli za Shavu la Fundi Vioo

Maabara ya chuo ilifurika wanafunzi, kila mmoja akikariri kwa sauti ili amvuruge mwenzake. Kidoti, binti mwenye alama nyeusi juu ya mdomo na gauni la njano lililonyooshwa pasi likanyooka kweli, alikuwa akijihoji mwenyewe. Mtihani huu wa baiolojia alishawahi kuufeli. Akifeli tena, chuo kinamfuta, arudi kwa shangazi kufua mashuka ya nyumba ya wageni.

"Ukuta wa seli mimea inao, wanyama hawana."

"Una hakika, mrembo?"

Alikuwa fundi vioo, juu ya ngazi dirishani. Shati la kijani, shingo ndefu, amesimama juani bila tone la jasho.

"Fundi, wewe pachika kioo. Seli niachie mimi."

"Nikuachie na namba yangu?"

Basi, yakaanza. Kila jioni simu inalia.

"Kazi ya kiini?"

"Kuongoza seli, mpenzi."

"Na wewe nani anakuongoza?"

"Mchokozi wewe! Uliza lingine."

Kilichomkera Kidoti ni kimoja: Fundi hali chakula. Wakitoka, anaagiza maji, jagi zima, kisha anavuta kiti mpaka penye jua na kufumba macho kama mtu aliyeletewa supu. Kidoti akadhani ni ubahili tu.

Mtihani wa vitendo ulipokaribia, akamwita Fundi maabara afanyie mazoezi kwa seli za shavu lake. Akampitishia kijiti cha pamba ndani ya shavu, akapaka kwenye slaidi, akainamia hadubini.

Akarekebisha lenzi, akainamia tena.

Seli zilipangana kama matofali, kila moja na ukuta wake. Ndani, punje za kijani zilizunguka polepole, zikikusanyika upande wa dirisha.

"Umetafuna majani ili unifelishe!"

"Lini umewahi kuniona nikitafuna, Kidoti?"

Kidoti akasukuma kiti nyuma. Akamfukuza, akazima simu.

Yakaja mawingu, jua likapotea siku kadhaa. Kidoti akajifanya hajali, lakini moyo hauna adabu. Miguu ikampeleka chumbani kwa Fundi. Akamkuta kitandani, uso wa manjano, vidole vimejikunja kwenye ncha.

"Kunywa maji, baba. Kunywa."

"Nilijua utakuja."

"Usijisifu. Nimekuja kukumwagilia."

Fundi akacheka, akambusu. Midomo ilinukia mvua.

Siku ya mtihani, kila mtahiniwa alipewa kijiti akwangue shavu lake mwenyewe, achore anachokiona. Kidoti akachungulia. Seli laini, zisizo na ukuta, kama kitabu kisemavyo. Pembeni yao, moja ya mraba. Ya kijani. Punje zinazunguka ndani.

Akaichora kama ilivyo.

Msimamizi, mama mtu mzima mwenye miwani, akasimama nyuma yake. Akainama kwenye hadubini, akakaa hapo muda mrefu. Kisha akamsogezea kifutio.

"Futa hiyo, mwanangu," akanong'ona. "Chora ya kitabuni. Sisi wenzako tulifaulu hivyo hivyo."

Matokeo yalipobandikwa, Kidoti akapiga simu papo hapo.

"Nimefaulu! Sasa njoo unipose, usinizungushe."

"Nakuja, mpenzi."

"Ila shangazi lazima aulize ukoo wako. Nimwambie nini?"

Fundi akacheka taratibu, kama majani yanayopitiwa na upepo.

"Mwambie tuko wengi."