Tangi la Bakar na Shemeji Yake

Bakar wa Makoongwe alikuwa na mashua ya mashine. Kila siku alivusha watu kwenda Mkoani na kuwarudisha. Shemeji yake, Nyange, alilala humo kuilinda. Ufunguo wa sanduku la mashine alikaa nao yeye.

Kila asubuhi Bakar alipima petroli kwa kijiti. Kila asubuhi imepungua. Akaanza kumtazama Nyange kwa jicho baya.

"Mama Duni, ndugu yako ananiibia," alimwambia mkewe, Mwatum.

"Umemwona?"

"Nimwone wa nini? Tangi halivuji. Nimeliziba mwenyewe kwa pamba na sifa, mafuta yale yale ya papa tunayozibia mashua. Bahari nzima haipiti hapo, petroli itapita wapi?"

Mwatum roho ilimuuma. Nyange ni nduguye wa tumbo moja, na wazazi wao wameshakufa.

Kesho yake Bakar akampokonya Nyange ufunguo mbele ya abiria. "Funga vyako, urudi kwenu Gando," akamwambia. Nyange aliona haya, akashuka mashuani.

"Kabla hajaondoka, mwoneshe Fundi Hija hilo tangi," Mwatum alisema. "Likiwa zima, mizigo yake nitaifunga mimi."

Bakar alikubali shingo upande, akalifungua tangi na kulipeleka Mkoani.

Fundi Hija alikuwa fundi bati pale Mkoani. Alitengeneza koroboi na ndoo, na mdomo wake haukupumzika. Alimimina petroli kidogo kikombeni, akatia kipande cha ile pamba yenye sifa. Sifa yote ikayeyuka.

"Sifa inazuia maji. Petroli inaila," alisema.

Kisha akapaka chokaa kwenye maungio ya tangi. Chokaa ilipokauka, akatia petroli ndani. Wakangoja. Doa la unyevu likatokea kwenye chokaa, likaenea.

"Mwizi wako huyo, bwana. Mashine inatikisa, maungio yanaachia."

Bakar hakuridhika. Huyu naye anatafuta kazi, aliwaza. "Basi nitalipeleka gereji wakalichome kwa gesi."

"Bati jembamba hili. Gesi italitoboa na kulipinda. Tena hilo ndilo dogo. Ukiimwaga petroli ya tangi, mvuke wake unabaki ndani. Ukikutana na moto, linalipuka."

"Tangi tupu lilipuke?"

"Tupu ndilo baya zaidi."

"Mbona na wewe unatumia moto?"

"Kaa uone."

Fundi Hija alimwaga petroli yote mbali na jiko lake la makaa. Aliliosha tangi kwa maji ya moto na sabuni, akarudia mpaka harufu ikaisha. Akaliacha wazi juani. Halafu akalijaza maji mpaka karibu na maungio, ili mvuke usipate pa kukaa. Alisugua bati kwa msasa, akakunja upya kingo mbili zishikane, akazigonga kwa nyundo ya mti.

"Mkunjo ndio unaobeba nguvu. Risasi hii ya kulehemia inaziba tu," alisema.

Chuma cha kulehemia alikitia kwenye makaa kule nje, mbali. Kilipopata moto alikuja nacho, akayeyusha risasi juu ya mkunjo. Mwali wenyewe haukulikaribia tangi. Baadaye akamwaga yale maji, akapaka chokaa tena, na ilipokauka akatia petroli. Safari hii ilibaki kavu.

Bakar alirudi Makoongwe, akalifunga tangi mashuani. Alimkuta Nyange amekaa juu ya mzigo wake, akampa ufunguo.

"Siutaki," Nyange alisema. "Kesho upime kwanza. Upime mbele ya abiria wale wale."

Asubuhi abiria walipojaa, Bakar alitumbukiza kijiti. Petroli ilikuwa pale pale alipoiacha jana. Akakiinua kijiti wote wakione.

"Sikuibiwa," alisema kwa sauti. "Tangi lilikuwa bovu, na mimi ndiye niliyeliziba vibaya. Nisamehe, shemeji."

Nyange alikitazama kile kijiti mpaka kikakauka. Ndipo akanyoosha mkono apewe ufunguo.